Kompyuta ya Nyumbani kwa Bei Nafuu, na Namna ya Kumsaidia Jirani Yake Inapoharibika

Kila mwaka, siku za mwisho za Juni zinapokaribia, foleni katika saiba za mijini na kwenye vituo vya biashara huwa ndefu. Wananchi huenda kuwasilisha ritani za ushuru kupitia iTax kabla ya tarehe 30 Juni. Miezi mingine huwa ni zamu ya wanafunzi wanaochagua kozi kupitia KUCCPS, wanaoomba mkopo wa HELB, au wanaochapisha barua za kujiunga na vyuo. Huduma za eCitizen nazo huhitajika mwaka mzima. Simu inaweza kufanya mengi, lakini aliyewahi kuandika wasifukazi au kujaza fomu ndefu kwenye kioo cha simu anajua taabu yake.

Familia nyingi huamini kwamba kompyuta ni chombo cha wenye pesa. Somo hili linaonyesha kuwa familia yenye kipato kidogo inaweza kupata kompyuta inayofaa kwa kununua mashine iliyotumika na kuiongezea sehemu moja au mbili. Linaonyesha pia jinsi mkazi aliyejifunza kazi hiyo anavyoweza kumsaidia jirani bila kumtia hasara. Kanuni ya kushika tangu mwanzo hadi mwisho ni hii: mashine hununuliwa tena, lakini kilichohifadhiwa ndani yake hakinunuliki.

KAZI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuingia dukani akiuliza, "Kompyuta ni pesa ngapi?" Muuzaji atamwonyesha ile anayotaka kuiondoa dukani. Mnunuzi mwerevu huandika kwenye karatasi, kabla ya kutoka nyumbani, kazi tatu au nne ambazo kompyuta itafanya.

Kazi za kawaida nyumbani ni kuandika barua, kuweka hesabu za biashara, kufungua tovuti za serikali, kusoma masomo ya mtandaoni na kutazama video. Kazi hizi hazihitaji mashine ya bei kubwa. Anayehariri video, anayechora ramani za nyumba au anayecheza michezo mizito ndiye anayehitaji prosesa yenye nguvu na kadi ya picha. Karatasi hiyo humwokoa mnunuzi asilipie nguvu ambazo hatazitumia.

Swali la pili ni mahali kompyuta itakapokaa. Kipakatalishi hubebeka na huendelea kufanya kazi umeme unapopotea, lakini betri yake huchoka, na kioo au kibodi ikiharibika, kutengeneza ni ghali. Kompyuta ya mezani haibebeki, lakini kwa pesa zile zile humpa mnunuzi nguvu zaidi, na sehemu zake hubadilishwa moja moja. Kwa familia inayotaka chombo cha kudumu sebuleni, ya mezani mara nyingi ndiyo nafuu.

SEHEMU ZA KOMPYUTA NA KAZI ZAKE

Kompyuta, au tarakilishi kama wanafunzi wanavyoifahamu, ni mkusanyiko wa sehemu zinazoeleweka. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote. RAM ni kama meza ya kufanyia kazi: kadiri meza inavyokuwa pana, ndivyo vitabu vingi zaidi vinavyoweza kufunguliwa kwa wakati mmoja, na umeme ukizimika meza yote hufutika. Diski ni kabati, na kilichowekwa humo hubaki hata mashine ikizimwa. Bodi kuu huunganisha sehemu zote. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaozifaa sehemu za ndani.

Sababu ya sehemu hizi kubadilishika ina historia yake. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo iliyoundwa kwa sehemu nyingi za kampuni nyingine, na maelezo ya muundo wake yakajulikana. Kampuni nyingine zikaanza kutengeneza mashine na sehemu zinazopatana nayo. Kutokana na desturi hiyo, leo fundi wa mjini anaweza kuchukua diski ya kampuni moja na RAM ya kampuni nyingine akaziweka katika kasha la kampuni ya tatu.

KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Ofisi kubwa za ng'ambo hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Nyingi huishia katika maduka ya Kenya, na wafanyabiashara huziita "ex-UK" hata pale zilipotoka nchi nyingine. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ni miongoni mwa zinazoonekana sana. Zilijengwa kwa ajili ya kufanya kazi siku nzima, na hii ndiyo sababu huwa msingi mzuri wa kompyuta ya nyumbani.

Mnunuzi aanze kwa kusoma namba ya prosesa. Katika prosesa za Intel Core, tarakimu zinazofuata i3, i5 au i7 hueleza kizazi chake. Kwa mfano, i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-6500 ni ya kizazi cha 6, na i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Muuzaji anayesema tu "hii ni i5" hajasema lolote la maana, kwa kuwa i3 ya kizazi kipya inaweza kuishinda i5 ya zamani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye ukaguzi ufuatao hapo hapo dukani:

1. Mashine iwashwe na iachwe ikifanya kazi kwa angalau robo saa. Ikijizima yenyewe au feni ikipiga kelele isiyo ya kawaida, iachwe.

2. Kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi au kipanya. Sauti ijaribiwe pia, na kwenye kipakatalishi kila kitufe cha kibodi kibonyezwe.

3. Afya ya diski ikaguliwe. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha hali ya diski na saa ambazo imetumika.

4. Mipangilio ya msingi, ile inayofunguliwa mara tu mashine inapowaka, ifunguliwe. Baadhi ya mashine za kampuni hufika zikiwa zimefungwa kwa nywila huko ndani, na kuifungua baadaye ni kazi ngumu.

5. Nyuma ya pawa saplai pachunguzwe. Baadhi ya za zamani zina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, kwa hiyo swichi lazima iwe kwenye 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 115 inaweza kuungua mara tu inapochomekwa.

6. Risiti iandikwe jina la duka, tarehe, namba ya mashine na muda wa waranti. Kompyuta isiyo na risiti inayouzwa kwa bei ya kutupa barabarani huenda ni ya wizi, na sheria za Kenya humwadhibu pia anayepokea mali akijua imeibwa.

PESA IENDE WAPI KWANZA?

Mnunuzi akibakiwa na pesa kidogo baada ya kununua mashine, azitumie kwa utaratibu.

La kwanza ni diski ya SSD. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka na mkono unaosoma juu yake. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo husoma haraka zaidi na haidhuriki kwa urahisi ikitikiswa. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa muda mfupi sana baada ya mabadiliko hayo pekee. Kwa kazi za nyumbani, SSD ya GB 240 au 256 hutosha. Diski ya zamani, ikiwa ni nzima, isitupwe, kwa maana itahifadhi nakala za akiba.

La pili ni RAM. GB 4 huendesha kazi nyepesi, lakini GB 8 humwezesha mtumiaji kufungua kurasa kadhaa na hati zake bila mashine kukwama. Hapa wengi hupoteza pesa kwa kununua isiyoingia. RAM ya DDR3 haiingii katika bodi ya DDR4, kwa kuwa pengo la katikati liko mahali tofauti. RAM ya kipakatalishi nayo ni fupi kuliko ya mezani. Njia salama ni kuitoa iliyomo na kwenda nayo dukani kama mfano.

La tatu ni kinga ya umeme. Umeme unapopotea na kurudi kwa kishindo, sehemu za ndani huumia. Kifaa cha UPS humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Asiyeweza kukinunua kwa sasa achomoe waya ukutani umeme unapopotea, na asubiri utulie ndipo achomeke tena.

Kuhusu intaneti, kompyuta nyingi za mezani za ofisini hazina waifai. Hakuna haja ya kukimbilia kununua kifaa kingine. Simu ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wake wa USB, na mipangilio ya kugawa intaneti ikiwashwa kwenye simu, kompyuta hutumia data ya simu moja kwa moja.

Gharama ya umeme nayo ihesabiwe. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, ikitumia wati 60 kwa saa 5 kila siku, hutumia wati-saa 300, yaani uniti 0.3. Kwa siku 30 hizo ni uniti 9 za tokeni. Mwenye nyumba azidishe uniti hizo kwa bei anayolipa, naye atajua gharama ya mwezi.

KUUNGANISHA SEHEMU KWA MKONO

Mkazi anayetaka kujenga kompyuta kutoka sehemu moja moja, au kufufua kasha la zamani, anahitaji bisibisi, meza safi na subira. Waya wa umeme uchomolewe kwanza. Kabla ya kugusa chochote ndani, fundi aguse chuma tupu cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Asisimame kwenye zulia wala asivae nguo za sufu.

Prosesa lazima ipatane na tundu la bodi. Pembe moja ina alama ndogo ya pembetatu, na bodi ina alama kama hiyo. Alama zikilingana, prosesa hukaa yenyewe bila kusukumwa. Ikikataa, kuna kosa, na nguvu itavunja pini. Juu yake hupakwa pesti ya kupitisha joto, kiasi cha punje moja ya mbaazi, kisha feni hufungwa. RAM husukumwa sawasawa hadi vishikio vya pembeni vilie "tak". Baadaye bodi huingia ndani ya kasha, ikafuatwa na diski na waya za pawa saplai.

Kuna tahadhari mbili. Baadhi ya kompyuta za ofisini hutumia pawa saplai na bodi za umbo la kampuni husika pekee, kwa hiyo sehemu ya kawaida ya dukani huenda isiingie. Halafu, pawa saplai yenyewe isifunguliwe na asiye mtaalamu. Ndani yake kuna sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kujeruhi vibaya. Ikiharibika, hubadilishwa nzima.

MFUMO ENDESHI USIO WA WIZI

Mashine bila mfumo endeshi ni kasha tu. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache, na huhitaji chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Hivyo kompyuta nyingi nzima zilizo madukani haziwezi kuingia Windows 11 kwa njia rasmi.

Hizo si za kutupwa. Linux Mint ni mfumo endeshi wa bure kisheria. Huhitaji RAM ya GB 2 na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa GB 4, na huchukua nafasi ya GB 20 kwenye diski. Huja na LibreOffice, ambayo hufungua hati za Word na Excel. Ni vyema kujua kwamba baadhi ya fomu za Excel zilizo na programu ndogo ndani yake huenda zisifanye kazi sawasawa humo, kwa hiyo anayezitumia kila siku azijaribu kwanza. Linux Mint inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hivyo familia hupata nafasi ya kuijaribu kabla ya kuamua.

Programu za wizi zinazosambazwa kwa flashi huonekana kuwa za bure, ila nyingi hubeba virusi vinavyoiba nywila. Mtu anayefungua akaunti ya benki au ya iTax kwenye mashine kama hiyo amemkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba.

KUMSAIDIA JIRANI BILA KUMHARIBIA

Habari huenea upesi. Kijana akitengeneza kompyuta ya kwao, baada ya wiki mbili mtaa mzima unamjua. Hapo ndipo kanuni ya mwanzo hupimwa. Mfano ufuatao unaonyesha mazungumzo yanavyofaa kuanza kati ya kijana na mama mwenye duka la nafaka.

"Mwanangu, hii kompyuta imekataa. Inawaka halafu inakwama. Nimeambiwa ukiifomati itapona."

"Pole, mama. Kabla sijaigusa, ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee?"

"Kuna orodha ya wateja walio na deni langu. Na picha za mazishi ya baba yenu."

"Kuna nakala yake mahali pengine? Kwenye simu, au flashi?"

"Hakuna. Ni humo tu."

"Basi leo hatufomati, mama. Tutoe kwanza hivyo vyote, uvione kwa macho yako, ndipo tuitengeneze."

Kijana asiyeuliza maswali hayo angeweza kuirudisha mashine ikiwa nyepesi na safi, bila deni hata moja la kudai. Kufomati hurudisha mashine, lakini hakurudishi daftari la madeni.

Njia ya kutoa faili inajulikana. Kompyuta huwashwa kwa flashi yenye Linux Mint, diski ya ndani hufunguliwa, na folda za mwenyewe hunakiliwa kwenye diski ya nje. Ikishindikana, diski hutolewa na kuunganishwa kwa kompyuta nyingine. Kompyuta mpya za Windows huweza kuwa na diski iliyofungwa kwa msimbo. Hapo mwenyewe atahitaji ufunguo wa kurejesha, ambao mara nyingi huwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Diski inayolia "tik, tik" inakufa, na kila dakika inayoendelea kuwaka hupunguza nafasi ya kuokoa kilichomo. Izimwe mara moja, na ikiwa vilivyomo ni vya thamani kubwa, ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data.

MATATIZO MATANO YANAYOKUJA MARA KWA MARA

Mashine haiwaki kabisa. Fundi aanze nje kabla ya kufungua kasha: soketi ya ukutani, waya, swichi ya nyuma, na skrini kama imechomekwa. Aazime waya mwingine na ajaribu. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

Inawaka lakini skrini ni nyeusi na kuna milio. Mara nyingi RAM imelegea au imeshika uchafu. Umeme uchomolewe, RAM itolewe, sehemu zake za rangi ya dhahabu zisuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, zipanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha irudishwe kwa uthabiti. Katika maeneo ya pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, tatizo hili hutokea mara nyingi.

Tovuti zinakataa kufunguka na saa haiko sawa. Mwenyewe huja akilalamika kwamba eCitizen inatoa onyo la usalama. Kabla ya kulaumu intaneti, tarehe ya kompyuta itazamwe. Kivinjari hulinganisha tarehe na cheti cha usalama cha tovuti, na tarehe ikiwa ya miaka iliyopita cheti huonekana batili. Tarehe ikirekebishwa na kupotea tena kila mashine inapochomolewa, betri ndogo ya duara kwenye bodi, aina ya CR2032, imeisha. Ni betri ya bei ndogo inayopatikana hata kwa mafundi wa saa.

Folda za flashi zimegeuka njia za mkato. Hiki ni kirusi ambacho huenea katika saiba na ofisi. Faili kwa kawaida hazijapotea, bali zimefichwa. Zile njia za mkato zisibonyezwe. Flashi ikifunguliwa kwenye kompyuta ya Linux, au mipangilio ya Windows ikibadilishwa ionyeshe vilivyofichwa, faili halisi huonekana na zinaweza kunakiliwa. Baadaye flashi husafishwa, pamoja na kompyuta iliyoiambukiza.

Inajizima baada ya muda mfupi. Joto limezidi. Vumbi limeziba feni, au pesti ya prosesa imekauka. Vumbi liondolewe kwa brashi laini huku feni ikishikiliwa isizunguke. Kipakatalishi kisitumiwe juu ya godoro wala blanketi, kwani huziba matundu ya hewa.

SIRI ZA WATU NA SHERIA

Anayetengeneza kompyuta huona mambo mengi: picha, barua, matokeo ya hospitali, akaunti za benki. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa masharti kwa wanaoshughulikia taarifa za watu, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018 inafanya kuwa kosa kuingia katika kompyuta au akaunti bila idhini. Ruhusa ya kutengeneza feni si ruhusa ya kufungua picha.

Kwa hiyo msaidizi afanye kazi mwenyewe akiwepo inapowezekana. Nywila iandikwe na mwenyewe, na ibadilishwe kazi inapokwisha. Nakala alizozitoa azikabidhi, kisha azifute kwenye vifaa vyake mbele ya mwenyewe. Asiombe kamwe PIN ya M-PESA, kwa kuwa hakuna tatizo la kompyuta linaloihitaji. Wakazi nao wawe macho na wanaopiga simu wakidai kuwa wataalamu wa kampuni fulani waliogundua virusi kwenye kompyuta zao, kisha wakaomba waruhusiwe kuingia kutoka mbali. Simu kama hiyo ikatwe.

Msaidizi pia ajue mpaka wake. Kusema "hili silijui" humlindia jirani mali yake na humlindia msaidizi jina. Kama kuna malipo, yakubaliwe kabla ya kazi kuanza.

NAKALA TATU

Kazi yote iliyoelezwa hapa haina maana kama familia haina nakala za akiba. Mafundi hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida, hii inaweza kuwa kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye akaunti ya mtandaoni au flashi iliyo kwa ndugu. Moto, mafuriko au mwizi hawezi kufika mahali pote kwa siku moja. Ijumaa moja ya kila mwezi inatosha.

KOMPYUTA ILIYOKUFA

Bodi, betri na skrini za zamani zina madini kama risasi ambayo ni sumu. Zikichomwa au kutupwa mtoni, sumu hiyo huingia hewani, udongoni na kwenye maji. Kompyuta iliyokufa itolewe kwanza sehemu zinazofaa, kama vile RAM, feni na waya, kisha mabaki yapelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki kwa kibali cha NEMA. Diski ifutwe kikamilifu au iharibiwe kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa faili lililofutwa kwa njia ya kawaida linaweza kurejeshwa na mtu mwingine.

Vijana wanaotaka kuigeuza kazi hii kuwa riziki wana pa kuanzia. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Wakazi wanahimizwa kufika katika chuo cha ufundi kilicho karibu na wadi yao waulize kuhusu mafunzo ya kompyuta yanayotolewa, au katika ofisi ya wadi waelekezwe. Kijana mmoja anayejua kuuliza "ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee?" anaweza kuokoa madaftari ya mtaa mzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mnunuzi ana kompyuta ya mezani yenye diski ya zamani na RAM ya GB 4. Ana pesa za kununua kitu kimoja tu mwezi huu. Anunue nini kwanza, na kwa nini?

2. Muuzaji ana i5-3470 na i5-8500. Ni ipi inayoweza kukubali Windows 11 kwa njia rasmi?

3. Jirani analalamika kuwa tovuti zote za serikali zinatoa onyo la usalama. Ni kitu gani cha kwanza cha kutazamwa?

4. Kompyuta na skrini yake hutumia wati 80 kwa saa 4 kila siku. Zitatumia uniti ngapi kwa siku 30?

5. Taja maswali mawili ya kumuuliza mwenye kompyuta kabla ya kuifomati.

Majibu: 1. SSD, kwa kuwa ndiyo inayoongeza kasi kwa wazi zaidi. 2. i5-8500, ikiwa chipu ya TPM 2.0 ipo na imewashwa. 3. Tarehe na saa ya kompyuta. 4. Uniti 9.6. 5. Ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee? Kuna nakala yake mahali pengine?